Kipande cha Eliezeri kwenye Mfereji

Mjukuu wangu Eliezeri alizaliwa mkubwa, hata mkunga alimpa shikamoo. Mwenye kubisha abishe, mimi nilikuwepo. Alipokuwa kijana alibeba gunia la tangawizi kutoka shambani huku juu hadi barabarani linakopakiliwa gari, na njia nzima anaimba. Mimi namwita mume wangu, kama mabibi wa huku wanavyowaita wajukuu. Naye hunijibu, "Mke wangu, leo umeamka na meno mangapi?"

Basi mume wangu akaanza kuchoka. Kwanza gunia lilimshinda, kisha nusu gunia, kisha ndoo ya maji. Kope zikamshuka, akawa kama anasinzia hata katikati ya maongezi. Ikaja siku ya msaragambo, ile kazi ya wote ya kuzibua mfereji, ambapo kila mtu hupimiwa kipande chake achimbe. Eliezeri akaacha chake katikati, akajilaza kwenye nyasi. Hilo kwetu halisameheki. Wazee wakaja nyumbani wakachukua sufuria yangu kubwa iwe faini.

"Mama Koleta, huyu ulimbeba mgongoni muda mrefu mno," akaniambia Rodrick, msimamizi wa mfereji.

Nami nikaona kweli ni uvivu, au njaa. Nikampikia makande asubuhi, makande jioni, na parachichi juu. Tumbo likaongezeka. Nguvu hazikuja.

Mwisho mimi na binti yangu Koleta, mama yake, tukampeleka hospitali kubwa. Wakamkata kipande kidogo cha msuli wa paja wakakitazama kwa darubini. Tuliporudi kuchukua majibu, daktari, binti anayeitwa Doreen, aliniamkia vizuri, akachora duara kwenye karatasi, na ndani yake vidoa na vitu kama maharage.

"Bibi, mwili umejengwa kwa vyumba vidogo mno, vinaitwa seli. Huu wa nje ni utando, unachagua kipi kiingie na kipi kitoke. Hapa ndani ni kiini, kinatunza maagizo. Hivi vidoa vinayafuata hayo maagizo, vinatengeneza protini za kujengea mwili."

"Na haya maharage?"

"Hizo ni mitokondria. Ndiyo majiko ya seli. Chakula kinachomwa humo, nguvu inapatikana. Majiko mengi ya Eliezeri hayawaki sawasawa. Ndiyo maana misuli inachoka. Hata kope inainuliwa na msuli."

Nikayakumbuka makande yangu yote.

"Mimi nimemfukuza chui kwa mwiko," nikamwambia. "Nitashindwa na maharage? Nipe dawa."

Akacheka kidogo, akatikisa kichwa. Dawa ya kuyawasha hakuna. Nikamwuliza ugonjwa huu umetoka wapi.

"Maagizo ya kwenye kiini mtoto huyapata kwa baba na kwa mama. Lakini majiko haya yana maagizo yake machache, na hayo hutoka kwa mama peke yake. Kasoro ya Eliezeri iko humo."

Eliezeri akamtazama Koleta. Koleta akanitazama mimi. Mama yangu alizikwa zamani, mimi sikuwa na wa kumtazama.

"Mbona mimi nalima mpaka leo?"

"Kila mtoto hupata mchanganyiko wake, mazima na mabovu. Yeye aliangukia mabovu mengi."

"Basi mpe yangu."

"Hayahamishiki, bibi."

Habari ikamfikia kila mtu. Msaragambo mwingine ulipoitishwa, Eliezeri akachukua jembe kama wengine, nami nikamfuata. Rodrick akapita na ufito wake akipima vipande. Alipofika kwa Eliezeri akapita moja kwa moja.

"Mjomba, umeniruka."

"Pumzika, mwanangu."

"Nipimie."

Rodrick akarudi, akampimia. Eliezeri akainua jembe, likashuka. Akainua tena. Halafu mikono ikagoma kupanda. Nikasogea nimsaidie, akaniambia polepole, "Mke wangu, acha." Nikaacha. Akaketi ukingoni, kidevu juu, ili aone chini ya kope zake. Vipande vya wengine vikaisha. Kisha Rodrick na wawili wengine wakaingia kwenye kipande chake, wakachimba, hakuna aliyemtania, wala hakuna aliyetaja faini. Maji yakafunguliwa, yakapita miguuni pake.

Nikatafuta uongo wa kumchekesha. Nina mwingi, mnanijua. Sikuupata hata mmoja.