Fundi Masikio na Trekta Lisilotulia

Tuku-tuku-tuku: sauti nzito, isiyo na haraka, ya trekta kuukuu linalolima kwa mwendo mmoja kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Fundi Masikio alikuwa nayo kichwani tu. Masikioni haikuwamo tena.

Jina hilo la utani alilipata ujanani, kwa kuwa injini ikiwa bado iko getini, yeye alikwisha kujua inaumwa nini. Mkewe alipofariki, chumba chao nyuma ya karakana kikawa kimya. Haukupita muda, karakana nayo ikaanza kunyamaza masikioni mwake. Hakumwambia mtu. Nani angemletea injini fundi asiyesikia? Na bila injini, nani angembishia hodi?

Asubuhi hiyo mpwa wake, dereva wa trekta la shamba, aliliegesha mlangoni akashuka amefura.

"Mjomba, mara linapaa, mara linataka kuzima! Na mimi sijagusa kitu. Nalima kama mlevi."

Fundi alimtazama midomo. "Labda limekuiga wewe."

"Haya, nicheke tu. Mvua ikinikuta sijalima, utanilisha?"

Fundi alifungua boneti. Kwa vidole alifuata fimbo inayotoka kwenye mkono wa mafuta hadi kwenye gavana, kile kifaa kinachoipimia injini mafuta ili mwendo usiyumbe. Vidole havikumsaliti: pini ya kiungio ilikuwa imelika, inacheza kama jino la mtoto. Akachonga nyingine, akaipachika, akaitia grisi.

Ikabaki skrubu ya mwendo wa juu, inayoizuia injini isikimbie kupita kiasi. Mshale wa kuonyesha mwendo wa injini ulikwisha kufa zamani; skrubu hiyo ilirekebishwa kwa sikio.

Mpwa akawasha. Fundi akaweka kiganja kwenye madigadi, lakini bati lilikuwa limelegea, likatetemeka ovyo, halikumwambia lolote. Akazungusha skrubu kidogo. Akazungusha tena. Akatabasamu, kama alivyozoea kutabasamu injini ikikaa sawa.

Moshi ukatanda. Mpwa alikuwa anapunga mikono, mdomo wazi. Mwishowe akavuta waya wa kuzima injini, na mtetemo ukafa chini ya kiganja.

"Mjomba! Linapiga mayowe vile, nawe unacheka?"

"Nilikuwa nalijaribu tu."

Mpwa akazunguka nyuma yake, na kwa kitambo fundi hakujua kama anasema au hasemi. Aliporudi mbele, macho yalikuwa yamelowa.

"Nimekuita mara ngapi hapo nyuma?"

Angeweza kubahatisha. Alipangusa bisibisi kwa tambara, upande huu, upande ule, hata ilipokuwa safi akaendelea kupangusa. Kisha akairudisha kwenye skrubu, akaishika hapo. Hakujua sauti yake ingetoka kubwa au ndogo. Ilitoka ndogo mno.

"Washa tena, mwanangu," alisema. "Nisikilizie wewe."