Video ya Mume Wangu

Mume wangu alikuwa mpiga dawa katika shamba moja la maua Naivasha, na kikohozi chake kilikuwa cha zamani kuliko korona. Ploti yetu yote ya vyumba vya kupanga pale Karagita ilikijua. Akikohoa asubuhi, jirani wa ukuta wa pili alisema saa imelia, watu waamke.

Kisha korona ikaja, ndege zikaacha kubeba maua, shamba likawarudisha watu nyumbani, na kikohozi kilekile kikawa kesi. Akienda mferejini, wanawake walivuta mitungi yao kando. Keateka, msimamizi wa ploti, akatuambia tuhame mwezi ukiisha. Nilimchukia mtu yule, na bado namchukia. Hatukuwa na pa kwenda ila kwa mama yangu, kule juu Molo.

Mume wangu hajui kubembeleza watu, anajua kuwachekesha. Akavaa ovaroli yake ya dawa, kofia, miwani na maski ya kazini, akabeba pampu tupu mgongoni, nami nikashika simu. Akapita mlango kwa mlango akijifanya anapulizia, akakohoa mpaka kuku wakatawanyika.

"Msiogope, majirani," akasema. "Hii si korona. Hii ni Valentine ya wazungu: wao walipata maua, mimi nilibaki na risiti."

Tukaituma kwenye grupu ya ploti. Vicheko vikajaa; hata keateka alicheka. Wakaituma kwingine, na kwingine tena. Nasema ukweli, tulilala na matumaini. Asubuhi alienda na mtungi wake, na mitungi mingine ikavutwa kando kama jana. Walimcheka kwenye simu, wakamkimbia mferejini.

Tukaanza kufunga vitu. Nilikuwa nakunja nguo za watoto mama aliponitumia video. Ilikuwa ile yetu, imezunguka hadi ikamfikia, maneno ya mwisho yamekatwa, kimebaki kikohozi. Mama hakumtambua mkwe wake ndani ya ovaroli. Chini aliandika: "Nimecheka hadi nikalia. Lakini mtu kama huyu akikanyaga hapa kwetu tunamfungia geti. Nyinyi kujeni tu, chakula kiko."

Nikakaa juu ya zile nguo. Mume wangu alikuwa akifunga godoro kwa kamba. Akauliza mama amesemaje.

"Amesema chakula kiko."

"Afadhali," akasema, akikohoa. "Huko wananijua."