Leo nimevunja rekodi ya dada Zuhura

Leo nimevunja rekodi ya dada Zuhura, halafu nikakaa chini nikalia.

Ni ule mchezo wa dansi wa kwenye tivii, unakanyaga mishale kwenye mkeka. Tangu dada aolewe Kigoma, jina lake lilikuwa bado juu kabisa.

Mama akatoka jikoni. "Kulikoni tena?"

Nikamwonyesha tivii: jina langu juu, la dada chini yake.

Jamani, mama huyu huyu aliyekuwa akitugombeza kwa kelele za mchezo huu, mpaka majirani wa Kanyenye wanamsikia! Akavua ndala, akapanda mkekani.

"Nionyeshe alikuwa anakanyagaje."

Mshale wa kwanza tu, kakosea. Tukacheka mpaka basi.

Kisha akampigia dada simu.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba." Akautazama ule mkeka. "Unakuja lini?"

Nyie mlioozesha dada zenu mbali, mnazoeaje?