Sahani ya Lise na Habari za Hondohondo

Mimi ni Dunia, nauza samaki wa kukausha kando ya kambi ya jeshi hapa Kamina. Jirani yangu ni Bolingo. Mumewe, Ngandu, alipelekwa vitani mashariki, na tangu mvua zianze simu yake haipatikani.

Wanawake wa kambi wana kanuni inayonichefua, na sitaficha. Mume akinyamaza, mke haendi sokoni wala harudi kwao, la sivyo watasema amemzika angali hai. Bolingo akaitii. Unga ukamwishia, naye yuko ndani tu, akisikiliza kila pikipiki inayopita.

"Toka, dada, tuuze pamoja," nilimsihi.

"Nikitoka, njo kusema nimemuua," akanijibu.

Hata chakula changu alikikataa, akasema nimpe mtoto. Basi kila mchana nikampakulia binti yake, Lise, bukari, ugali wetu wa huku, na samaki. Sahani ilirudi tupu, nami nikaridhika.

Kilichomfariji Bolingo ni wanyama. Alizaliwa katika msitu wa Ituri, na jioni watoto walijaa mlangoni pake kumsikiliza. Okapi, aliwaambia, ana ulimi mrefu hata anajisafishia nao masikio. Watoto wakatoa ndimi zao, wakajaribu, wakaangua kicheko. Sokwe naye hutandika kitanda kipya cha majani juu ya mti kila jioni.

Siku moja akawaeleza ndege aitwaye hondohondo. Jike akitaka kutaga huingia ndani ya tundu la mti, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mdogo tu. Humo manyoya ya mabawa yake hupukutika, hawezi tena kuruka. Dume ndiye humletea matunda na kumlisha kupitia ule ufa.

"Na papa ya ndege akikosa kurudia?" Lise akauliza.

Bolingo akainuka, akaingia ndani. Watoto wakaondoka mmoja mmoja. Nilimkasirikia kweli: msitu mzima ule, hakuona ndege mwingine wa kusimulia?

Baada ya hapo Lise alianza kukonda. Mchana mmoja akaanguka kwenye bomba la maji. Nikambeba mbio hadi kwao, nikamkuta mama yake amechangamka ajabu.

"Dunia, Ngandu iko muzima! Kila mchana anatuma bukari kupitia soldat mwenzake wa jeshi. Lise njo anaileta."

Pale chini niliiona sahani yangu.

"Bolingo, ile ni bukari yangu. Nilimpa mutoto akule."

Alimgeukia Lise. Mtoto akafumbua macho mikononi mwangu.

"Mama, usilie," akasema kwa sauti ndogo. "Haiko papa anatumaka. Njo mimi nakuleteaka."

Bolingo alipiga yowe lile la msiba, kambi nzima ikatoka nje. Kisha akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akapita katikati ya wanawake waliokuwa wakimtazama, na huku analia akaelekea sokoni kutafuta kazi.