Nani Atawalisha Mbwa wa Marehemu?

Habari ilinifikia Jumamosi asubuhi kupitia kundi letu la WhatsApp, lile ambalo siku zote ni la kutakiana sikukuu njema na kuulizana fundi wa magari. Mwenyekiti wetu, Mkenya wa Oxon Hill anayeendesha basi la abiria, aliandika kwa kifupi kwamba Mwindaji ametutoka. Moyo wake umesimama akiwa usingizini, nyumbani kwake Laurel, Maryland. Hakuna aliyeuliza mwindaji yupi. Katika Waswahili wote wanaoishi kati ya Baltimore na Springfield tulikuwa naye mmoja tu: Mkongo wa Kivu, mgane, aliyefanya kazi ya kuhudumia wazee wasiojiweza na kufuga mbwa watatu wa kuwinda sungura. Nilibaki nimekaa kitandani na simu mkononi, machozi yakanitoka. Kabla sijayafuta ukaingia ujumbe wa pili, kutoka kwa binti yake: mbwa wa baba bado wako shambani, baridi imezidi, nani anaweza kuwachukua? Huo ndio ulionishikisha kalamu.

Ni lazima nieleze kidogo kuhusu hao mbwa, maana wasomaji wengi wa safu hii, kama mimi, walilelewa kumwona mbwa kuwa kiumbe wa kurushiwa jiwe. Ni mbwa wafupi, wenye masikio yanayoning'inia na pua isiyopumzika. Kwenye fleti alikoishi marehemu haviruhusiwi vitu vyenye miguu minne, kwa hiyo aliwaweka kwenye shamba la mzee mmoja Mmarekani nje kidogo ya Laurel. Kila siku kabla ya shifti alipita kuwalisha, na baada ya shifti akapita tena. Wakati wa baridi kali kazi ilizidi mara mbili. Maji yaligeuka barafu kwenye bakuli, kwa hiyo alibeba ya moto kwenye chupa ya chai. Bandani hakutandika blanketi, kwa sababu blanketi hunyonya unyevu na kuganda. Alijaza majani makavu ya ngano mpaka mbwa wakawa wanaonekana pua tu. Kabla ya kwenda nao kwenye theluji aliwapaka mafuta ya mgando katikati ya vidole ili barafu isiwashike, na aliwapaka taratibu kama mama anayempaka mtoto anayekwenda shule. Sasa mzee wa shamba alikuwa ameliuza na anahamia kwa mwanawe kusini, na mnunuzi hakutaka kusikia habari ya mbwa. Wasipopata mtu, wangepelekwa kwenye makao ya wanyama, na huko wangetenganishwa, kila mmoja achukuliwe na mtu tofauti.

Niliwahi kufuatana naye mara moja, tukaenda milimani, magharibi kabisa mwa Maryland, kule ambako theluji bado hulala chini wakati sisi wa huku tumeshaanza kupanda maua. Mimi nilitaka makala, yeye alitaka mtu wa kuzungumza naye njiani. Kwa kuwa mimi ni Mwislamu wa Tanga alizoea kunitania kwa kuniita Sheh, ingawa usheikh wenyewe sina. Siku hiyo uwindaji sikuuona hata kidogo, kwa sababu mara tu baada ya kuwafungulia, jike mkubwa, kiongozi wa wenzake, alishika harufu ya kitu kingine, pengine paa, akatokomea mlimani. Tuliita mpaka sauti zikakauka. Jua likaanza kuzama na upepo ukawa unakata masikio. Hapo nikamwona mwenzangu anavua koti, koti zito la manyoya, analitandaza chini ya mti pale pale alipomfungulia. Nikamuuliza kama amerukwa na akili.

"Sheh, tulia," akasema, meno yakigongana. "Ile imbwa itarudiya fasi nilimwachiliya. Akute arufu yangu, atalala pale."

Tulishuka na wale mbwa wawili waliobaki hadi mji mdogo wa bondeni tukachukua chumba. Jioni hiyo hakula. Alikaa dirishani na sweta lake, anatazama theluji inavyoanguka, na kila nilipomwambia maneno ya kumtuliza aliitikia kwa adabu bila kugeuka. Nilijua anachowaza, kwa sababu mwenyewe nilikuwa nawaza hicho hicho: kwa baridi ile, mbwa mwenye manyoya mafupi hafiki asubuhi. Kulipopambazuka tulirudi, na kweli, jike alikuwa amejikunja juu ya koti, sharubu zake zimeshika barafu, anatetemeka kiasi kwamba hakuweza kusimama. Marehemu alimbeba mbio mpaka garini. Lakini yeye ndiye dereva, na gari lilikuwa na watu wawili tu.

"Shikiliya yeye, Sheh. Pardon sana. Akikosa joto ya mutu, atakufa mbele ya kufika."

Nilimpokea. Nilifungua koti langu nikamwingiza kifuani, mbwa mzima mzima, mimi ambaye mama yangu alinifundisha kuhama njia nikimwona wa jirani. Alipopata joto alianza kunilamba, mikono yote miwili mpaka kwenye viwiko. Tuliposimama kwenye kituo cha mafuta nilishuka haraka nikaanza kukwangua ardhi kwa ufunguo wa gari. Kwa mafundisho niliyolelewa nayo, mate ya mbwa huoshwa mara saba, na mara moja kati ya hizo iwe kwa udongo. Maji nilikuwa nayo. Udongo wa Maryland ulikuwa umeganda kama sementi. Marehemu alikuja akaniuliza natafuta nini, nikamweleza huku nikiona haya, maana katika hali ile nilitegemea acheke, na angecheka nisingemlaumu. Hakucheka. Alifungua buti la gari, akatoa chuma cha kufungulia matairi, akapiga magoti kando ya barabara na sweta lake lile lile na kuanza kuitwanga ardhi. Alipopata donge la kujaza kiganja alilipulizia pumzi na kulifikicha mpaka likalainika, kisha akaninawisha mwenyewe.

"Umebeba imbwa yangu," akasema. "Miye nibebe udongo yako."

Nimeishi nchi hii miaka mingi na nimehudhuria mikutano mingi ya watu wa dini mbalimbali, yenye chai na keki na hotuba za kuheshimiana. Sikumbuki hotuba hata moja iliyonigusa kama kile kiganja cha udongo.

Basi tulikutana msibani, kwenye ukumbi wa kanisa la marehemu, Wakongo, Warundi, Wakenya na sisi Watanzania. Sisi watu wa ughaibuni msiba tunaujua. Pilau lilipikwa, viti vikapangwa, na mmoja baada ya mwingine tulisimama kumsifu marehemu: mpole, mchangamfu, hakuwahi kukosa kwenye shida ya mtu. Nami nilisimama nikamsifu, na naamini nilisema vizuri, kwa kuwa watu waliguna kwa kuafiki. Ndipo mwenyekiti akashika kipaza sauti. "Wazee wangu, hii maneno ya mbwa tuimalize leo. Mimi kwangu landlord hawezi-allow hata samaki." Wa kwanza alisema ana shifti mbili. Wa pili mtoto wake ana pumu. Mama mmoja alisema kwa upole kwamba mbwa watapata watu wazuri tu, Wamarekani wanapenda mbwa. Binti wa marehemu, muuguzi, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alikuwa amekaa mbele na macho mekundu. "They're not pets, Auntie," akasema. "They work. Together." Kwamba hao si wa kubembelezwa kwenye kochi, ni wafanyakazi, na kazi yao huifanya pamoja. Yeye mwenyewe alikuwa na bunduki ya baba yake na kibali cha kuwinda, kwani tangu utotoni walikuwa wakienda wote, ila anaishi fleti kama wengine. Nikatazama huku na huku ukumbini, nikihesabu moyoni nani ana nyumba yenye uwanja. Nilimpata mmoja, wa Springfield. Alikuwa ni mimi.

Nilimpigia sheikh wetu simu nikiwa bado kwenye maegesho, na nakiri nilitumaini atanikataza. "Wa kuwinda si tatizo," akasema. "Lakini wawinde kweli, usije ukawafanya pambo la uani." Mke wangu alikuwa na fatwa yake. "Baba watoto, wakivuka kizingiti cha jiko langu, mimi nahamia kwa mwanangu." Nikamwahidi hawatavuka, na hawajavuka. Kesho yake mimi na binti tulijenga banda nyuma ya nyumba na kulijaza majani makavu, majirani wakichungulia.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda nao milimani. Binti alinisimamisha ukingoni mwa kichaka, akaniambia nisiondoke hapo hata vidole vikifa ganzi. Mbwa walipiga kelele ndefu wakapotea kwenye miti, na mimi, kwa ujinga wangu, nikataka kuwafuata. "Stay, Uncle. They'll bring him back." Kwamba nikae, watamrudisha wenyewe. Kumbe ndivyo ilivyo: sungura hapendi kwenda mbali na kwao, huzunguka akarudi alikotokea, na kazi yote ya mwindaji ni kuwepo pale atakaporudi. Tulisimama kwenye baridi ya kutoa machozi. Kelele zikaenda, zikafifia, zikaanza kuja. Sungura akapita mbele yetu kwenye theluji. Binti aliinua bunduki kisha akaishusha bila kufyatua. Mbwa wakatokeza wakifuata njia ya sungura, na walipotufikia wakasimama. Wakamnusa binti. Wakaninusa mimi. Wakazunguka nyuma yetu, wakaenda mpaka garini, wakarudi, wanamtafuta aliyepaswa kuwa amesimama pale. Binti akalia kwa sauti, nami nikalia naye.

Halafu yule jike mkubwa akaweka pua chini na kuanza upya, na wenzake wakamfuata. Mbwa hawakumaliza msiba wao, nadhani, ila kulikuwa na harufu mbichi kwenye theluji. Tangu siku hiyo nimeacha kuamini kwamba marehemu huenziwa kwa maneno, na hili nalisema mimi niishiye kwa maneno. Sifa nilizozimwaga pale ukumbini sizikumbuki hata moja. Lakini kila alfajiri, kabla sijafunga vifungo vya koti, nasikia bakuli zinakwaruzwa uani, na najua rafiki yangu bado ana kazi ya kunipa.