Ganda la Ndege ya Mashindano

Kabla uwanja mpya wa ndege haujafunguliwa, nilikuwa seremala katika karakana ya samani huko Al Wukair, nchi ya Waarabu. Siku sita nilitengeneza makabati. Ijumaa nililala mpaka macho yakavimba. Kisha Mfaransa mmoja mzee akaja kuchukua meza yake. Aliipapasa pembe yake kwa muda mrefu, akaniuliza kama ninaweza kupinda mbao nyembamba bila kuzivunja.

"Nikiziloweka kwanza," nikamjibu.

"Basi njoo Ijumaa. Ninajenga ndege."

Alikuwa mwalimu mstaafu wa uhandisi, akiishi kwa binti yake Al Thumama. Ukutani pale sebuleni alikuwa amebandika picha za ndege za kwanza za mashindano za kwao. Za mwanzo zilikuwa kama vizimba vya kuku, vijiti na nyaya tupu, upepo unapita katikati. Halafu, alinieleza, watu wakaanza kujiuliza ni kipi kinaweza kuondolewa. Nyaya zikapungua, mabawa yakawa mafupi, na mwishowe akatokea mtu aliyeondoa hata kiunzi cha ndani. Walibandika vipande vyembamba vya mbao juu ya kalibu, yaani umbo la kufuatisha, tabaka juu ya tabaka, kila moja likikatiza lenzake, kisha wakaitoa kalibu. Likabaki ganda.

"Kama yai," alisema. "Jepesi, lakini lina nguvu."

Ndege hizo zilizunguka nguzo zilizosimikwa uwanjani, umati chini umeshikilia kofia. Injini ilizunguka pamoja na rafadha, lile panga la mbele, na kumrushia rubani mafuta ya mbarika usoni. Nilicheka sana. Nikamwambia kwamba bibi yangu alikuwa akitunywesha mafuta hayohayo kwa lazima.

"Nao marubani waliyameza bila kupenda," alisema. "Wakitua tu, mbio chooni."

Tulitaka kutengeneza kiwiliwili cha ndege tu, bila mabawa, kwa ukubwa wake halisi. Ijumaa zikawa kama siku za nchi nyingine. Mimi naloweka na kupinda, yeye anapaka gundi, na vumbi la msasa linaelea kwenye mwanga wa uani kama ukungu wa asubuhi kule kwetu Kitale.

Ganda la kwanza lilipasuka. Jua la Agosti lilikuwa limekausha gundi ya juu na kuiacha ya ndani mbichi. Tulipolivuta kutoka kwenye kalibu lilitoa mlio mmoja, likachanika kutoka puani mpaka kwenye kiti. Mzee akakaa chini.

"Pole, Mzee," nikasema.

Alipitisha kidole kwenye ufa. Kisha akasema, "Wao pia walivunja mengi," akainuka na kuanza kusukuma makochi ukutani. Tukaihamishia kazi sebuleni, penye ubaridi wa AC.

Binti yake aliporudi alisimama mlangoni. "Baba, sasa sisi tutakaa wapi?"

"Ndani ya ndege," akajibu.

La pili lilitoka taratibu, kama mkono unavyotoka kwenye glovu. Tulilibeba wawili bila kuhema. Magoti ya Mzee hayakumruhusu kuingia, akaniambia niingie mimi. Niliketi kwenye harufu ya mbao na gundi. Ndege ya abiria ikapita juu ikienda kutua, na mbao zikatetemeka chini ya viganja vyangu. Kwa muda sikujua ni ipi iliyokuwa ikienda, ile au yangu. Niliona mashamba ya mahindi chini yangu, na mama amekinga macho kwa mkono akinitafuta angani.

"Unakwenda wapi?" Mzee aliuliza.

Nilinyoosha kidole mbele, kupita ukuta wa sebule.

Mwaka uliofuata binti yake alihamishwa kikazi, na ganda likapewa shule moja ili walitundike ukumbini. Nilienda kusaidia kulipakia. Dereva wa lori, Mganda, akalizunguka mara mbili.

"Hii boti ni ya nani?"

Mzee akanitazama, akinisubiri.

"Ni ndege, ndugu yangu," nikasema. "Tumeitengeneza sisi wawili."