Stakabadhi Yenye Mioyo

Jumanne nilikwenda kwa fundi simu, mtaa wa Dengfeng, katika mji wa Kichina wanakofikia wafanyabiashara wa Kiafrika, kununua kava la simu. Mbele yangu alisimama mama mmoja, mfanyabiashara wa Unguja. Polisi wawili wakaingia mtaani, wakaanza kukagua pasi za wageni duka kwa duka. Pasi ya mama huyo ilikuwa ofisi ya viza. Stakabadhi aliyopewa huko aliipiga picha, akaiacha hotelini, na programu ya simu ilikuwa imejisasisha alfajiri.

"Picha zangu ziko wapi?" akamuuliza fundi.

"Zimepangwa upya, bi mkubwa. Sasa inakutengenezea video. Hata masikio ya sungura inakuvisha."

"Rumande nitaingia na masikio ya sungura?"

Mama akabonyeza tena. Picha ya biriani ya Idi ikaanza kucheza na muziki. Polisi walibakisha duka moja kutufikia.

Stakabadhi ilitokea ndani ya video iitwayo "Siku Njema", imenyunyiziwa mioyo. Polisi mmoja aliisoma mara mbili bila kutabasamu, akamrudishia simu.

Mama akakalia ndoo. "Na ikijisasisha tena?"

"Itajisasisha tu. Nikuchapishie karatasi?"

Kava sikununua. Niliondoka na picha ya pasi yangu imechapishwa, nakala mbili.